Upatu wa Vizibao vya Kijani

Muuguzi wa chumba cha mashine aliigeuza ile kadi, akaipangusa kwenye aproni yake, akaigusisha tena kwenye kisomeo. Taa ikawaka nyekundu, vilevile kama mara ya kwanza.

"Shangazi, hebu njoo. Hii kadi inaniambia mumeo hana msamaha."

"Imelowa labda. Mvua ya kwetu siku hizi hainyeshi nje, inanyesha ndani."

"Haijalowa. Inasema nyumbani kwenu kuna mtu anapokea mshahara." Muuguzi alikisogelea kioo cha kompyuta, kisha akamgeukia taratibu. "Na mtu mwenyewe ni wewe."

Shangazi alicheka, tena kicheko cha kweli. Akashika pindo la kizibao chake cha kijani. "Mshahara wa hiki? Mwanangu, ningekuwa na mshahara si ningeshanunua chenye zipu nzima."

Hospitali nzima ilimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, na vizibao kama chake vilikuwa saba. Walikuwa wasindikizaji. Asubuhi walisimama getini, na anayekuja hajui mlango upi wanamshika kiwiko na kumpeleka. Asiye na ndugu walimlisha. Anayetoka kwa daktari na habari nzito walikaa naye kwenye benchi, hawasemi kitu, mpaka miguu imrudie. Hakuna aliyewaajiri. Mwisho wa mwezi walipewa kabahasha kembamba wakikaita nauli, ingawa wengi wao walikwenda kwa miguu ili hiyo nauli ibaki.

Aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu siku hiyo ya Jumatatu ni mumewe, Fundi Saa. Vidole vyake bado viliweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, lakini figo zilikuwa zimeacha kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi alilazwa pembeni ya mashine, damu ikatoka, ikasafishwa, ikarudi. Kwa bei ya watu wenye uwezo, wangekwisha kuuza nyumba na hata saa za wateja. Walipita kwa kadi ya msamaha, ambayo hupewa mgonjwa ambaye kwao hakuna mwenye ajira.

Nyuma ya kiti alisimama Breki. Naye ni wa kizibao cha kijani. Zamani aliendesha malori, na jina walimpa wagonjwa wenyewe, kwa jinsi alivyokata kona za korido kwa kasi huku akiwaambia wasijali, breki zipo. Yeye ndiye aliyekuwa akimpokea Fundi Saa getini, akampandisha ule mwinuko wa saruji, akambeba mzimamzima na kumweka kitandani, maana mgongo wa Shangazi haukuweza.

"Kumbe shemeji umeajiriwa," Breki alisema. "Ndiyo maana siku hizi salamu zako fupi."

"Na mimi mumewe sikuambiwa," Fundi Saa akadakia. "Nataka mgawo wangu."

Muuguzi hakucheka nao. Alimvuta Shangazi pembeni, karibu na ndoo ya taka. "Leo nampitisha, nitaandika kisomeo kibovu. Alhamisi sitaweza. Mkubwa wangu anapitia kila jina. Nenda kaulize kwa Mhasibu, na uende sasa hivi."

Shangazi alikwenda. Njiani bado alijiambia ni kosa la mashine, mashine nazo huchoka.

Mhasibu alikuwa kijana mnene aliyezungukwa na mafaili mpaka kiunoni. Alipomsikiliza, aliweka kalamu chini.

"Lo, Shangazi. Ni ule upatu wenu."

Upatu wenyewe ulikuwa hivi. Kwa kuwa bahasha ya mtu mmoja haikutosha kufanya jambo lolote la maana, wale saba walikubaliana tangu mwanzo: kila mwezi wote wanaweka bahasha zao mezani, mmoja anazoa. Mmoja alinunua godoro, mwingine alimlipia mjukuu sare. Kura ya mwisho ilimwangukia Shangazi, akangoja zamu yake kwa subira, maana alitaka bati za chumba anacholala mgonjwa. Zamu ilipofika, hospitali nayo ikapewa amri: bahasha mwisho, malipo yote kwa simu. Sasa kila kutuma kuna ada. Mwalimu, mstaafu mmoja aliyekuwa mwenyekiti wao, ndiye aliyepata wazo. Ya nini itumwe mara saba, halafu watu sita waitume tena kwa Shangazi, ada juu ya ada? Itumwe yote kwa mwenye zamu, mara moja, basi. Wakampigia makofi. Mhasibu naye alifurahi, kazi saba zimekuwa moja.

"Posho ya mtu wa kujitolea ikiwa chini ya kiwango haikatwi kodi," Mhasibu alieleza. "Ni nauli na chakula tu, nani ataigusa? Ikipita kiwango, mfumo unaihesabu mshahara. Nilipokutumia ile yote, mfumo ukakata kodi na kukuandika mwajiriwa. Hukuona imepungua?"

"Niliona. Nikadhani ni ada ya simu."

"Ada gani inakula hivyo?"

"Mwanangu, mimi simu ikinila huwa siulizi. Nashukuru ikinibakizia." Akashika ukingo wa meza. "Ifute basi. Si wewe uliyeandika?"

"Nikifuta mimi, nitakuwa nimesema nilidanganya. Anayefuta ni ofisi ya kodi."

Mumewe akiwa bado kwenye mashine, Shangazi akavuka barabara kwenda huko. Lilikuwa jengo la ghorofa tatu lenye ngazi zinazoteleza na viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma, mtu mmoja akijigeuza wote wanatikisika. Alimkuta binti mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, mpole, mwenye haraka.

"Mama, mimi nakuamini," binti alisema baada ya kusikia kisa chote. "Lakini kuamini kwangu hakuna mahali pa kubonyeza. Njia ni moja. Wote ambao sehemu yao ilikuwa mle ndani waje hapa, kila mtu na kitambulisho chake, aseme sehemu hii ni yangu. Nitaigawa mara saba, kila mmoja atakuwa chini ya kiwango, kodi inarudi, jina lako linatoka kwenye ajira. Papo hapo."

"Wote?"

"Wote. Mmoja asipokuja, sehemu yake inabaki kwako. Na wewe ukiwa na sehemu mbili tayari umepita kiwango. Tutakuwa hatujafanya kitu."

Jumanne asubuhi wasindikizaji walikutana kwenye stoo yao, chumba kilicho nyuma ya sehemu ya kufulia chenye mifagio, magodoro yaliyochanika na meza moja iliyoegemea ukuta. Shangazi alieleza. Mwalimu alikunja uso kabla hajamaliza.

"Nataka ieleweke kwamba hesabu ilikuwa sahihi," alisema.

"Hesabu zako sahihi ndizo zimetufikisha hapa," akajibu mama mmoja mshonaji, ambaye vizibao vyote saba alivishona yeye. "Shangazi, mimi kesho nakuja. Kitambulisho kina picha ya mtu mwingine kabisa, nilikuwa mwembamba, lakini nakuja."

Wakasema wanakuja, mmoja baada ya mwingine. Breki alikuwa amechuchumaa mlangoni anapaka grisi gurudumu la kiti. Aliendelea kupaka hata pale gurudumu lilipokwisha kuwa laini, na watu walipotawanyika alimfuata Shangazi kwenye korido.

"Shemeji. Mimi siendi."

Shangazi alidhani anatania. Akangoja mwisho wa utani, haukuja.

"Nilikuwa na duka la matairi," Breki alisema kwa sauti ya chini. "Baada ya malori. Lilipokufa nilifunga mlango nikaondoka, sikwenda kuwaambia watu wa kodi. Kwao lile duka bado liko wazi. Kila mwaka linauza matairi, kila mwaka halilipi kodi, na faini inapandia juu ya faini. Jina langu likigonga kwenye ile kompyuta, linatoa kila kitu. Nina nini mimi? Nina kile chumba alichoniachia mama. Watakichukua hicho."

"Labda wamesahau."

"Wewe umewahi kuwaona wakisahau?"

Hapo ndipo Shangazi alipaswa kunyamaza. Mtu yule alikuwa ameeleza aibu yake waziwazi, mikono imejaa grisi. Lakini alikuwa anaiona ile taa nyekundu, na kinywa kikatangulia.

"Kumbe wewe kazi yako kusukuma kiti tu," alisema. "Tena kikiwa kinateremka."

Breki alipangusa vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja. "Ndiyo, shemeji," alisema. "Kusukuma tu." Akaingia stoo akafunga mlango.

Jioni nyumbani mabeseni yalikuwa yamepangwa sakafuni, kila moja chini ya tundu lake. Fundi Saa alikaa kitandani na kioo chake cha kukuzia jichoni, anachokoa saa ya mezani ya jirani. Hakuinua kichwa.

"Umemwambia nini Breki?"

"Nani amekupa habari?"

"Amepita hapa dirishani hajanisalimu. Mtu ambaye hunisalimia mpaka nakereka." Akasikiliza habari yote, kutoka kwenye kodi mpaka kwenye matairi, mpaka kwenye lile neno la koridoni, kwa kuwa Shangazi hakulificha. Alitoa kioo jichoni. "Usimwombe tena."

"Na Alhamisi?"

"Nitangoja Jumatatu, labda mpaka hapo itapatikana njia."

Shangazi alikujua kungoja huko. Mashine iliwahi kuharibika, akakosa mara moja tu. Miguu ilivimba ikawa kama mito, akakesha amekaa wima, anahema kama mtu aliyekimbizwa. Muuguzi alimwambia baadaye kwamba wengine hawafiki asubuhi.

"Hutangoja," alisema.

"Basi nitalala tu, kama wengine."

Alimrushia kitambaa cha kupangusia vyombo, kikamwangukia begani, na wote wawili wakacheka kidogo. Kisha hawakucheka tena. Tone likalia kwenye beseni, likafuatia lingine.

Jumatano watano walikwenda ofisi ya kodi pamoja na Shangazi. Binti wa miwani aliwaita mmoja mmoja, akaandika. Mshonaji aliangaliwa, ikaangaliwa picha, akaangaliwa tena.

"Ni mimi, mwanangu. Huyo ni mimi kabla ya watoto."

Ilipofika kwenye jina la mwisho, binti aliinua macho. "Bado mmoja."

"Amesafiri," Mwalimu alisema haraka.

"Anaitwa nani?"

"Breki," Shangazi alijibu.

"Breki nani?"

Walitazamana. Miaka yote ile walikuwa wamekula naye, wamelia naye misibani, wamebeba naye machela, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Binti alifungua orodha iliyotoka hospitali, kidole kikashuka mpaka chini. Midomo yake ilisoma jina lakini hakulitamka.

"Sitamtafuta mimi," alisema. "Aje mwenyewe, kesho kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo nafunga mwezi, na kilichofungwa kinasubiri barua, na barua, mama, sijui zinapita wapi."

Wakati wa kurudi, Shangazi alipitia uchochoro anaokaa Breki. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, tena mazuri. Aliuona mlango uliopakwa rangi ya bluu iliyobabuka, kopo la maji juu ya kizingiti, shati linaning'inia kwenye msumari. Alisimama. Akajipima, akaona kwamba nyuma ya ile radhi alikuwa amebeba pia ombi, na kwamba akifungua kinywa vitatoka vyote viwili pamoja, na Breki atasikia kimoja tu. Alijaribu kuvitenganisha akashindwa. Akaondoka bila kubisha hodi.

Alhamisi, getini hakukuwa na Breki.

Mwalimu alikishika kiti cha magurudumu kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani. Alikipandisha ule mwinuko kwa kukigonga ukutani mara mbili, akiomba radhi kila mara.

"Breki yuko wapi?" Fundi Saa aliuliza.

"Amechelewa," alisema Shangazi.

"Breki hachelewi." Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka, na vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa ndani ya soksi.

Muuguzi aligusisha kadi. Nyekundu. "Kitanda namshikia mpaka saa sita," alisema. "Kuna mwingine anakisubiri, Shangazi. Naye ana watoto."

Shangazi akavuka barabara. Hakuwa na alilopanga. Alikwenda kwa sababu ndiko alikojua kwenda, na kila akipiga hatua moyoni alimtukana Breki, halafu anajitukana mwenyewe, halafu anarudi kwa Breki. Alipanda zile ngazi zinazoteleza akashika mlango.

Breki alikuwa kwenye foleni, watu wawili kutoka mbele. Alikuwa amenyoa ndevu. Amevaa koti la zamani la suti lililombana mabegani, na mikononi ameshika kitambulisho kwa vidole vya mikono yote miwili, kama kitamponyoka. Alimwona. Akamwonyesha kwa kidevu nafasi iliyo kando yake.

Foleni ikasogea.

"Jina?" binti aliuliza, na Breki akalitaja lote, la kwake, la baba na la babu. Shangazi alilisikia kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jina zuri, refu, la mtu ambaye wazazi wake walimtarajia makubwa.

Binti aliandika. Kompyuta ilifikiri. Kisha akashusha miwani kutoka kichwani akaivaa, akasoma kwa muda mrefu.

"Mzee, una faili."

"Najua."

"La biashara. Ni la siku nyingi."

"Najua, mwanangu. Andika kwanza hili la posho. Sehemu moja katika zile saba ni yangu."

Aliandika. Mashine ya kuchapa ikakohoa, ikatoa karatasi, na binti akaigonga muhuri akampa Shangazi. "Umetoka kwenye ajira, mama." Halafu akamgeukia Breki, na safari hii hakuwa na haraka. "Hilo lingine si la meza yangu. Ni ghorofa ya pili. Sasa limeshafunguka, siwezi kukuacha uende nyumbani. Pole."

"Pole ya nini? Wewe hukuuza matairi." Breki akaweka kitambulisho kwenye mfuko wa koti. Alimtazama Shangazi. "Kimbia, shemeji. Mbona umesimama?"

Alikimbia, hakuujali mgongo. Muuguzi aliigusisha kadi, taa ikawaka kijani, naye akafumba macho kidogo kabla ya kuanza kufungua mirija. Mwalimu na mshonaji walisaidiana kumbeba Fundi Saa, vibaya, mguu huku, mkono kule, lakini akafika kitandani. Damu ikaanza safari yake.

Fundi Saa alingoja mpaka mashine ikatulia.

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Mwenyewe. Sikumwomba."

"Yuko wapi sasa?"

"Ghorofa ya pili. Faili limefunguka."

Fundi Saa aliitazama ile mirija myekundu ikipita mkononi mwake. "Mimi hapa nina mashine, nina muuguzi, nina Mwalimu anayenikanyaga miguu," alisema hatimaye. "Yeye ana nani?"

Shangazi alifunga zipu ya kizibao mpaka pale ilipoharibika.

Mlinzi wa ofisi ya kodi alimtazama juu mpaka chini. "Mama, hapa si hospitali."

"Naona," alisema, akapita.

Ghorofa ya pili ilikuwa na korido ndefu isiyo na dirisha na benchi moja. Breki alikaa mwisho wake, kikaratasi cha namba kimekunjwa kidoleni kama pete. Bila kiti cha kusukuma, mikono yake ilionekana haina kazi. Shangazi alikaa kando yake.

"Amewekwa?" Breki aliuliza.

"Amewekwa. Mwalimu karibu amwangushe."

"Yule hajui kupinda magoti. Nimemwambia mara ngapi." Akamgeukia. "Umekuja kufanya nini?"

"Kusindikiza."

"Hapa hakuna posho."

"Afadhali. Ingekatwa kodi."

Pua yake ilitoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko. Mlango wa mbele yao ulifunguka, akatoka mtu mwenye bahasha kubwa, hakuwatazama, ukafungwa.

"Lile neno la juzi," Shangazi alianza.

"Acha."

"Siachi. Nililisema, na lilikuwa baya."

"Lilikuwa baya," Breki alikubali. "Lakini kiti kweli huwa kinateremka. Kwenye ule mwinuko, wakati wa kurudi." Aliizungusha ile karatasi kidoleni. "Nimelala nikifikiri watakichukua chumba. Nimeamka bado nafikiri hivyo. Hata sasa nafikiri hivyo, shemeji, usidhani nimekuwa jasiri."

"Ile ya upatu sijaigusa. Iko kwenye simu."

"Hiyo ni ya bati."

"Mabeseni tunayo."

"Haifiki popote. Hujaona lile faili."

"Najua haifiki."

Mahali fulani nyuma ya milango mtu alikuwa anagonga mihuri, pa, pa, pa, kisha kimya, kisha pa. Breki alifungua kitufe cha koti akakifunga tena. Shangazi alikuwa amewaona watu wengi wakifanya hivyo kwenye benchi la hospitali, na kila mara alijua kwamba haipasi kuwaambia yatakwisha, kwa kuwa hujui.

Mlango ulifunguka. Sauti ikaita ile namba, na baada yake jina zima, la kwake, la baba na la babu.

Breki alisimama. Shangazi naye akasimama, akamshika kiwiko jinsi anavyowashika wale wanaofika getini hawajui mlango upi, wakaingia.